Yule Mama Alikufa Tu

Swali la nne lilikuwa na alama 10: "Mwandishi anatoa mafunzo gani kupitia kifo cha mama? Toa hoja tano." Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, binti mkimya aliyekaa dawati la nyuma karibu na dirisha lisilo na kioo, aliandika mstari mmoja: "Hakuna funzo. Yule mama alikufa tu, watoto wakabaki na deni la dukani."

Nikampa sifuri. Sikusita hata kidogo. Mwongozo wa usahihishaji ulikuwa mezani, nimeuandaa mwenyewe, una hoja saba za kuchagua: jamii ipige vita umaskini, serikali iboreshe huduma za afya, wazazi wapange uzazi, na kadhalika. Kalamu nyekundu ikapita. Zilikuwa zimebaki karatasi tisini na kitu, nami nilitaka kuzimaliza kabla umeme haujakatika.

Ni miaka mingi sasa. Shule ilikuwa mkoani Morogoro, na ualimu wenyewe nimeshauacha. Sifuri ile ndiyo haijaniacha. Nimeikumbuka tena mwaka huu nikiwasoma wale Wafaransa wa karne ya 19 ambao darasani tuliwamaliza kwa sentensi moja: "Uhalisia ni mkondo wa fasihi ulioshamiri Ufaransa, unaoakisi maisha kama yalivyo." Sentensi hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi mno. Watoto wananakili, nafuta ubao, tunahamia mkondo unaofuata. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali lililokuwa wazi kabisa: kama kazi ilikuwa kuakisi maisha tu, mbona watu walipelekwa mahakamani?

Nianze na picha, maana kelele kubwa zilianzia kwenye picha. Gustave Courbet alizaliwa Ornans, mji mdogo wa mashariki mwa Ufaransa, si mbali na mpaka wa Uswisi. Mwaka 1849 alianza kuchora maziko ya hapo kwao. Marehemu hakuwa mfalme wala jemadari. Kaburi liko wazi, mchimbaji kapiga goti moja, padri kashika kitabu, wanawake wamejifuta kwa leso, na watu zaidi ya arobaini wamejipanga kila mmoja na uso wake, kwa sababu wenyeji wenyewe waliitwa wakaja kuchorwa, dada zake mchoraji wakiwemo. Kuna na mbwa. Mbwa anatazama kwingine.

Picha ilipoanikwa kwenye maonyesho makuu ya Paris, yaliyofunguliwa mwishoni mwa 1850, wakosoaji walichachamaa. Ukiitazama leo kwenye ukurasa wa kitabu huoni kosa lolote, kwa sababu kitabu kimeliondoa kosa lenyewe. Kosa lilikuwa vipimo. Turubai ina zaidi ya mita tatu kwenda juu na zaidi ya mita sita na nusu kwenda pembeni. Ukubwa huo ulikuwa wa vita, wafalme na miungu ya Wayunani. Courbet kawapa watu wa kijijini wenye pua nyekundu, tena bila mbingu kufunguka, bila malaika wa kupokea roho, bila mtu mmoja wa katikati ambaye jicho litamwendea na kuambiwa: huyu ndiye, mlilie.

Mwaka 1855 Paris iliandaa maonyesho ya dunia, kamati ikaikataa picha hiyo. Courbet akajenga banda lake jirani na maonyesho, akalipa jina la Uhalisia, akatoza kiingilio. Na katika kijitabu alichogawa mle ndani akaandika kwamba jina la mhalisia amebandikwa, kama vile watu wa 1830 walivyobandikwa jina la walimbwende, yaani wafuasi wa mkondo wa ulimbwende (romanticism). Nimelipenda hilo. Tunafundisha mikondo ya fasihi kana kwamba watu walikaa kikao wakapitisha katiba, kumbe mwenye banda mwenyewe anabeba bango huku akilinung'unikia.

Sababu za wakati ule kuwa wakati ule zinajulikana, sitakaa nazo. Picha za kamera zilitangazwa rasmi mwaka 1839. Mapinduzi ya 1848 yalimwondoa mfalme na kuwapa wanaume wote kura, kwa hiyo mkulima wa Ornans alishakuwa mtu wa kuhesabiwa. Na kabla ya hapo, mwaka 1836, gazeti la La Presse lilishusha bei kwa nusu na kuanza kuchapa riwaya kwa vipande, msomaji ananunua kesho ili ajue ya leo yameishaje. Mwandishi akapata mlipaji mpya, naye hakuwa mwana wa mfalme.

Aliyenufaika na gazeti hilo tangu mwanzo ni Honoré de Balzac, na Balzac namwelewa kwa njia moja tu: alikuwa mtu wa madeni. Biashara yake ya kiwanda cha uchapaji ilikufa mwaka 1828, na tangu hapo aliandika usiku, kwa kahawa, akiwakwepa wadai hadi mwisho. Nyumba aliyopanga Passy ilikuwa na mlango wa pili wa kutokea uchochoro wa nyuma. Leo ni makumbusho. Mtu wa namna hiyo huwezi kumdanganya juu ya bei ya kitu. Katika riwaya yake ya 1835 kuhusu Mzee Goriot, baba aliyejifilisi kwa ajili ya mabinti zake wawili, hatuambiwi kwamba mzee anafilisika. Tunaambiwa kodi. Alipohamia kwenye nyumba ile ya wapangaji alilipa faranga 1,200 kwa mwaka, akakaa vyumba vya ghorofa ya kwanza. Halafu kapanda ya pili, faranga 900. Halafu ya tatu, 45 kwa mwezi. Kadiri anavyopanda ngazi ndivyo anavyoshuka, na wapangaji wenzake wanaona, wanacheka, wanabadilisha hata namna ya kumsalimia.

Nilisoma kurasa hizo nikakumbuka nyumba niliyopanga Morogoro nikiwa mwalimu mpya. Vyumba sita, korido katikati, choo uani. Chumba cha mbele kinachotazama baraza kilikuwa ghali kuliko vyote, cha mwisho karibu na choo ndicho rahisi. Kulikuwa na fundi wa redio aliyeanzia cha mbele. Siku moja tukaona godoro linapita koridoni kuelekea nyuma. Hakuna aliyeuliza. Mama mwenye nyumba alitoka tu kibarazani kushika pazia la mlango lisiburuzwe chini. Mwezi ule ule tukaacha kumwita fundi, tukawa tunamwita kwa jina lake.

Balzac alipoandika dibaji ya kazi zake zote mwaka 1842 alisema jamii ya Ufaransa ndiyo mwanahistoria, yeye ni katibu wake tu. Kauli nzuri, ila asiiamini mtu. Katibu gani huyu anayesimama katikati ya kikao na kutoa hotuba? Balzac hukatiza kisa kwa kurasa nzima kutufafanulia Paris ni nini, wanawake ni nini, ujana ni nini. Vitu alivipa nafasi ya kusema, lakini mimbari hakuishuka. Aliyeshuka ni mwingine, na kushuka kwenyewe kulimgharimu karibu miaka mitano.

Gustave Flaubert alikuwa mtoto wa daktari mpasuaji wa Rouen, mtu wa maneno makubwa na ndoto za jangwani. Septemba 1849 aliwaita rafiki zake wawili, Louis Bouilhet na Maxime Du Camp, akawasomea kazi yake juu ya majaribu ya Mtakatifu Antoni. Aliisoma kwa siku nne, sauti juu, na wao walikatazwa kusema neno hadi mwisho. Walipofika mwisho wakamshauri aitupe motoni. Ukweli wa kirafiki wa aina hiyo mimi nisingeuweza, si kuutoa wala kuupokea. Akaugua kwa ndani, akasafiri Misri, akarudi, na mwaka 1851 akaanza kuandika Madame Bovary, habari za Emma, mke wa tabibu wa kijijini anayechoka na mumewe, anapata wanaume, anakopa, anakunywa sumu. Kisa cha karibu na hicho kilikuwa kimetokea kijiji cha Ry, jirani na Rouen. Habari ya kawaida kabisa, ya kusimuliwa sokoni ukisubiri chenji.

Hiyo kawaida ndiyo ilimtesa. Barua zake kutoka Croisset, nyumbani kwake kando ya mto Seine, zimejaa malalamiko: wiki nzima kurasa chache, neno moja linamgomea, wahusika wanamchosha kwa udogo wao. Sentensi alizipigia kelele chumbani ili asikie kama zinasimama. Na mwaka 1856, kitabu kikielekea kutoka, alimwandikia rafiki yake mmoja kwamba watu wanadhani anaupenda uhalisia, kumbe riwaya hii kaianza kwa kuuchukia. Kwa hiyo sasa tuna wawili, mchoraji na mwandishi, nguzo mbili za nyumba ambayo wote wawili wanakana kuijenga.

Kuna sehemu ya kitabu hicho niliyoisoma ndani ya daladala hadi nikapitiliza kituo. Nakala yenyewe ni ya Kiingereza, niliinunua kwa muuza vitabu vya mtumba Posta, jalada limeungwa kwa selotepu. Ni siku ya maonyesho ya kilimo, yaani Nanenane yao. Ng'ombe wamefungwa kwa mstari, wananchi wamekusanyika, mgeni rasmi hakuja mwenyewe, katuma mwakilishi. Mwakilishi anahutubia kuhusu neema ya kilimo na hekima ya serikali. Juu, katika ukumbi mtupu wa baraza la mji, dirishani, Rodolphe, mwenye shamba na mzoefu wa wanawake, anamtongoza Emma. Flaubert anazikata sauti hizo mbili na kuzisuka pamoja, kipande cha juu, kipande cha chini. Rodolphe anasema mara mia alitaka kuondoka, lakini akamfuata, akabaki. Sauti ya chini inatangaza: samadi. Anasema kumbukumbu yake ataibeba maisha. Chini: zawadi ya kondoo dume.

Hakuna mstari unaosema "huyu ni mwongo." Samadi imetajwa mahali pake, kwa mujibu wa ratiba.

Na sisi tuliwahi kupeleka wanafunzi Nanenane, viwanja vya Morogoro, jua la saa saba, spika mbili zinapigana, kila moja na tangazo lake. Nyuma ya banda la mbegu niliwakuta vijana wangu wawili, wa kiume anaeleza jambo kwa mikono, wa kike anachora chini kwa ncha ya kiatu, na spika juu ya vichwa vyao inatangaza dawa ya minyoo ya mbuzi. Niliwafukuza. Ningekuwa na akili ningesikiliza.

Halafu, katika sherehe ile ile ya kitabuni, anaitwa jukwaani kikongwe, Catherine Leroux, kupokea nishani ya fedha yenye thamani ya faranga 25 kwa kutumikia shamba moja miaka 54. Hajui aende mbele au akimbie. Watu wanamsukuma. Flaubert anakaa na mikono yake: vumbi la maghala, magadi ya kufulia na mafuta ya sufu ya kondoo vimeigandisha hata inaonekana michafu ingawa ameisuuza kwa maji safi, na vidole vimebaki nusu wazi, vimezoea kazi mno kujifunga. Anapokea, anatabasamu, anasema nishani atampa padri amsomee misa. Mwuza dawa wa mji, Homais, msomi wa magazeti, anamwinamia mthibitishaji wa hati aliye kando yake: ushabiki wa dini gani huu!

Hapo pana maneno ninayomshuku Flaubert kwamba yamemponyoka, anapoandika kwamba mbele ya matajiri wale wenye nyuso za furaha ilisimama nusu karne ya kutumikishwa. Sekunde moja kapanda mimbari. Namsamehe. Mikono ile ingemtoa mtu yeyote neno.

Kwingineko kote habanduki, na ufundi wake unaelezeka kwa Kiswahili bila taabu. Msimulizi wa kawaida angeandika: "Asha aliwaza kwamba mumewe ni mshamba." Tumejua Asha kawaza nini, na msimulizi yuko pembeni, mikono safi. Sasa andika hivi: "Asha alimtazama akinywa chai. Hata kikombe hakujua kukishika." Nani kasema hajui kukishika? Asha, au msimulizi? Mume ni mshamba kweli, au mke ndiye kamchoka? Sentensi haikutii. Zidisha hiyo kwa kurasa mia kadhaa na utaelewa kilichomkera mwendesha mashtaka.

Riwaya ilitoka kwa vipande katika Revue de Paris, Oktoba hadi Desemba 1856. Tarehe 29 Januari 1857 Flaubert akasimama mahakamani Paris pamoja na mhariri na mchapaji, shtaka likiwa kukosea maadili ya umma na dini. Mwendesha mashtaka Ernest Pinard alisoma kurasa za uzinzi, lakini hoja yake nzito ilikuwa nyingine. Aliuliza, kwa maneno yangu mimi: ndani ya kitabu hiki nani anaweza kumhukumu mwanamke huyu? Mume? Hata akigundua anazidi kumpenda. Padri? Mwuza dawa? Hakuna. Wote wadogo kuliko yeye. Pinard alikuwa msomaji mzuri, na nasema hivyo bila kejeli. Alitafuta hakimu kitabuni akamkosa, akaona hatari ilipo.

Aliyemwokoa Flaubert ni wakili Jules Sénard, na alimwokoa kwa kumkana. Alisema kitabu kina maadili kamili: kinamfundisha msomaji kupenda wema kwa kumwonyesha ubaya unavyotisha. Kwa maneno mengine, aliijibu karatasi ya mtihani. Hoja tano, mifano kutoka kitabuni, alama kumi. Tarehe 7 Februari mahakama ikamwachia, ila ikamkaripia, ikitaja kwa jina uhalisia ambao ungekuwa ni kuukana uzuri na wema. Flaubert akamtabaruku Sénard kwenye ukurasa wa mbele wa kitabu. Mwaka huo huo, mwezi Agosti, Pinard akamshtaki mshairi Baudelaire, naye akapigwa faini na mashairi sita yakaondolewa. Baudelaire hakuwa na wakili wa mafunzo wa kiwango hicho.

Kwetu habari hizi zina mwangwi wake. Shaaban Robert aliliachia jina la mhusika kazi ya kuhukumu: katika Kusadikika, iliyochapwa 1951, mshtakiwa anaitwa Karama, mshtaki anaitwa Majivuno, na msomaji anajua pa kukaa kabla shauri halijaanza. Simdharau. Ni sanaa ya namna yake, ina ukoo mrefu katika ngano na tenzi, na chini ya serikali ya kikoloni pazia la nchi ya kufikirika lilikuwa na kazi nyingine pia. Halafu mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe, akatoa Rosa Mistika. Jina la binti ni moja ya sifa za Bikira Maria katika litania, na anayelibeba, akiisha kutoka mikononi mwa baba mkali, anatembea na wanaume, anatoa mimba, mwisho anajiua. Walimu wamo miongoni mwa wanaume hao. Kitabu kikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Haikuhitajika mahakama, kukiondoa darasani kulitosha.

Baadaye kikaruhusiwa, kikawa kitabu cha kiada Tanzania na Kenya. Nami nililifurahia hilo kwa miaka mingi hadi nilipojiuliza kilirudi vipi. Kilirudi na Sénard kwapani. Maswali niliyoyatunga juu yake ninayo bado kwenye daftari: "Rosa anatufunza nini kuhusu malezi?" "Jadili athari za ukali wa wazazi." Tulimfungulia mlango tukamkalisha kizimbani.

Riwaya ya Flaubert haiishii kwa kifo cha Emma. Kinachomuua, ukifuata hesabu, ni deni: mfanyabiashara Lheureux kamkopesha vitambaa na mapazia, hati juu ya hati, hadi mahakama inamdai faranga 8,000 ndani ya saa 24. Wanaume anawakimbilia mmoja mmoja kuomba hela. Mumewe anakufa baadaye kwenye benchi bustanini. Binti yao mdogo anaishia kwa shangazi fukara, anayempeleka kiwanda cha pamba akajitafutie riziki. Na sentensi ya mwisho kabisa inamhusu mwuza dawa Homais, yule wa "ushabiki wa dini gani huu": amepata nishani ya heshima. Basi. Kitabu kimefungwa.

Nilipoifikia sentensi hiyo nilisimama nikaenda kutafuta ile riwaya ya kidato cha tatu, ambayo jina lake naliacha. Nilikuwa nimeifundisha miaka minne. Deni la dukani limo. Mistari miwili, ukurasa unaofuata baada ya maziko: mwenye duka anakuja na daftari lake, anasimama mlangoni, anatoa pole, hajalifungua. Katika hoja zangu saba deni halikuwepo. Katika majibu ya darasa zima, wanafunzi zaidi ya mia, hakuna aliyelitaja isipokuwa mmoja.

Ningependa kusema ile karatasi ninayo. Sina. Mwisho wa muhula karatasi za mtihani zilikuwa zikirundikwa stoo, na za mwaka ule nilimpa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, mama aliyekuwa akiuza karanga nje ya geti. Alizikata robo robo, akasokota vibweta, akajaza, shilingi 100 kila kimoja.